Siku Gurudumu la Simba Lilipokwenda Vitani

Hapo zamani, wakati farasi walikuwa bado hawajui tandiko na hakuna mtu aliyethubutu kukaa mgongoni mwao, palikuwa na nchi iliyoitwa Karesa, mahali mto mkubwa unapopinda. Haikuwa nchi kubwa. Mtu aliyetoka mjini alfajiri kwa miguu alifika mpakani siku ya pili kabla ya jua kuzama. Lakini Karesa ilikuwa na magari ya vita kumi na mawili, na hakuna jirani aliyewahi kuyaona yakimjia akabaki amesimama.

Kila gari lilikokotwa na farasi wawili. Lilikuwa na magurudumu mawili, sakafu ya kamba za ngozi zilizosukwa, na nafasi ya watu wawili kusimama: mmoja ashike hatamu, mwingine ashike upinde. Lilikuwa jepesi. Watu wawili waliweza kulinyanyua na kulivusha mfereji.

Gari la kumi na tatu halikwenda vitani. Hilo lilikaa hekaluni, limepakwa dhahabu kuanzia nira hadi magurudumu, na juu yake alisimama Simba, mungu wa Karesa, aliyechongwa kwa mpingo. Lilitoka mara moja kwa mwaka, mto ukifurika, likaenda hadi ukingoni na kurudi.

Magurudumu yote ya nchi, pamoja na mawili ya gari la Simba, yalitoka nyumba moja. Nyumba hiyo ilikuwa mikononi mwa mwanamke aliyeitwa Temeya. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kazi aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliirithi kwa shangazi yake, na wote watatu walitumia kamba moja ya kupimia, yenye mafundo saba. Ndiyo maana gurudumu lolote la Karesa liliingia katika mhimili wowote wa Karesa.

Gurudumu hilo lilikuwa la mti wa mgunga uliokunjwa kwa mvuke, lenye njiti sita kutoka kitovuni hadi ukingoni, likafungwa kwa ngozi mbichi iliyokaukia juu yake. Likikimbia, lilikuwa na nguvu. Likisimama na mzigo juu yake, lilichoka. Mti uliokunjwa hujibonyeza upande wa chini, na baada ya siku mbili tatu gurudumu si duara tena. Kwa sababu hiyo, kila jioni watunza farasi walichomoa magurudumu na kuyapeleka kwa Temeya, naye akayatundika ukutani kwenye vigingi ishirini na vinne. Asubuhi yalirudishwa. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mababu, na ilikuwa sheria.

Sheria nyingine ilisema: mwendeshaji akisikia baragumu la kasri mara tatu, ageuze gari arudi, hata kama ameshika adui kwa nywele. Na sheria nyingine ilisema: gari la Simba haliguswi na mkono wowote isipokuwa wa kuhani.

Aliyevunja mojawapo ya sheria hizo hakuuawa wala hakuchapwa. Alitengwa na kazi yake. Mtunza farasi hakugusa farasi tena hadi kufa. Mwendeshaji hakushika hatamu. Fundi hakushika patasi. Watu wa Karesa waliiogopa adhabu hiyo kuliko mjeledi, kwa sababu pale mtu hakuamkiwa kwa jina la baba yake. Aliamkiwa kwa kazi yake. Aliyetengwa alipita njiani, watu wakamtazama na kukosa la kumwita.

Kulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Hekalu lilikuwa na gombo, na ndani ya gombo mlikuwa na wimbo wa Simba, uliosomwa kila mwaka siku ya mafuriko. Karesa ikishinda vita, wimbo uliongezwa mstari mmoja, na katika mstari huo jina moja: la mtu aliyeleta ushindi. Mtu huyo alipanda gari la dhahabu, lililotolewa kwa ajili yake, akasimama kando ya Simba, akapelekwa hadi mtoni mbele ya nchi nzima. Na aliyetajwa katika gombo hahukumiwi. Kosa lake lote la vita vile lilifutwa.

Jina moja. Halikuwahi kuwa mawili.

Basi ikawa, mwaka mmoja, Watari wakatoka kaskazini na magari sitini. Yalikuwa magari mazito, yenye magurudumu yaliyovishwa shaba, watu watatu katika kila gari. Wapelelezi wakaja kwa Malkia wakasema, "Wako mwendo wa siku sita." Malkia akaamuru watu walale, wale, wanoe mikuki, na kila kitu kiende kwa utaratibu wake.

Kila kitu kikaenda kwa utaratibu wake, isipokuwa kitu kimoja. Jioni ya kwanza, ukutani kwa Temeya, vigingi viwili vilibaki vitupu.

Jioni ya pili vilikuwa vitupu bado. Temeya akafunga mlango akashuka hadi kwenye zizi la gari la kwanza, lile lililobeba bendera ya nchi. Mtunza wake alikuwa mzee Pakari, mwenye miaka sitini na miwili. Alimkuta ameinama, anamsugua farasi miguu.

"Shikamoo, Mtunza."

"Marahaba, Fundi."

"Magurudumu yangu yako wapi?"

"Yako mahali pake."

"Mahali pake ni ukutani kwangu."

"Usiku huu mahali pake ni chini ya gari, binti yangu." Pakari hakuinua kichwa. "Hawa hawali tangu jana. Wanasimama wakitazama bonde la mto mkavu. Wapelelezi wanasema siku sita. Farasi hawasemi siku sita."

"Umemwambia Malkia?"

"Nimwambie nini? Kwamba punda wangu wakubwa hawana hamu ya nyasi? Atanicheka, na atakuwa na haki."

Temeya akazunguka gari. Akapiga goti, akapitisha kiganja chini ya gurudumu la kushoto, mahali linapokanyaga ardhi. Alihisi mti umeanza kulala. Kidogo sana. Mtu mwingine asingehisi.

"Litakaa hadi kesho?" Pakari akauliza.

Hapo Temeya alikuwa na njia mbili. Angeweza kuchomoa pini za mhimili akaondoka na magurudumu yake, na sheria ingekuwa upande wake. Au angeweza kwenda kasrini. Lakini swali lilimchoma. Miaka ishirini na mitatu ametengeneza magurudumu, na mzee huyu anamuuliza kama litakaa.

"La kwangu linakaa," akasema, akaondoka.

Watari hawakuja kwa barabara. Walikuja kwa bonde la mto mkavu, wakasafiri usiku na mchana, na alfajiri iliyofuata vumbi lao lilionekana ng'ambo ya kivuko. Baragumu likalia mjini kote. Watu wakakimbilia magari. Magari kumi na moja yalikuwa yamelala juu ya matumbo yao, na magurudumu yake yalikuwa ukutani kwa Temeya, upande wa pili wa mji.

Gari moja lilikuwa limesimama.

Mwendeshaji wake aliitwa Harsi. Alikuwa na miaka thelathini, hakuna aliyemshinda kwa hatamu, na nchi nzima ilijua hivyo kwa sababu alikuwa akiwaambia. Mpiga upinde wake hakuwa amefika. Harsi hakumsubiri. Alizifunga hatamu kiunoni, akachukua upinde mwenyewe, akachomeka bendera mahali pake, akatoka kwa lango la mto peke yake.

Malkia alikuwa juu ya ukuta wa lango. Temeya alikuwa hapo pia. Aliacha vijana wake wanne wagawe magurudumu, akakimbia kuja kulitazama lile moja.

Kivuko kilikuwa chembamba. Magari ya Watari yaliweza kupita mawili mawili, si zaidi. Harsi akakimbiza gari lake kwenda na kurudi mbele ya kivuko, akitupa mishale, na kila gari lililotia gurudumu ukingoni lilipoteza farasi au mtu. Lilikuwa jambo la kuona. Watu ukutani waliacha kupiga kelele wakabaki wanahesabu.

Temeya hakuhesabu. Alikuwa anasikiliza. Katika kishindo cha kwato alisikia kitu kingine: tak, tak, tak. Gurudumu la kushoto lilikuwa linaruka. Halikuwa duara.

"Njiti mbili zimeachia," akasema.

"Umesemaje, Fundi?" Malkia akauliza.

"Malkia wangu, gari lile litaanguka."

"Lini?"

"Sasa hivi. Akizunguka mara kumi. Labda kumi na mbili, kwa sababu nimelitengeneza mimi."

"Lete lingine."

Temeya akatazama nyuma. Nyumba ya magurudumu ilikuwa mbali. Kwenda na kurudi, vita vingekuwa vimekwisha na mji umeshaingiliwa. Halafu akatazama kulia. Hatua thelathini kutoka langoni palikuwa na hekalu.

Hakumwomba Malkia ruhusa, maana Malkia asingeweza kuitoa. Alishuka ngazi.

Kuhani Mkuu alikuwa ndani, amepiga magoti mbele ya gari la dhahabu. Aliposikia nyayo aligeuka.

"Fundi, toka. Huku si kwako."

"Magurudumu haya aliyatengeneza shangazi wa baba yangu."

"Alipoyaleta yalikuwa yake. Yalipopita mlango huu yakawa ya Simba."

"Basi Simba na aniazime moja."

Akachomoa pini. Kuhani akamshika nguo, nguo ikachanika. Temeya akavuta gurudumu la kushoto kutoka kwenye mhimili, na gari la dhahabu likainama upande, na Simba wa mpingo akaanguka kifudifudi sakafuni. Sikio lake moja likavunjika. Kuhani akapiga ukelele uliosikika hadi ukutani. Temeya alikuwa tayari yuko mlangoni, analisukuma gurudumu mbele yake kama mtoto achezaye na duara la mti.

Akatoka nalo kwa lango. Akateremka nalo kwenye mteremko wa mto. Jua lilikuwa limechomoza, na dhahabu ikawaka.

Hatua mia mbele, gurudumu la gari la Harsi likavunjika. Gari likaburuta upande, farasi mmoja akapiga magoti, Harsi akaruka chini na kushika bendera isianguke. Alipoinua macho alimwona mwanamke mwenye nguo iliyochanika anakuja na gurudumu la Simba.

"Fundi! Umepata wazimu?"

"Nyanyua gari, acha maswali."

"Hilo ni la—"

"Najua ni la nani. Nyanyua!"

Akanyanyua. Temeya akachomoa gurudumu lililovunjika, akaingiza la dhahabu. Liliingia kama lilizaliwa hapo. Mshale ukapita kati yao. Akagonga pini kwa jiwe mara tatu.

"Litakaa?" Harsi akauliza.

"Wanaume wa nchi hii hamna swali lingine? Panda!"

Harsi akapanda, na Temeya akakimbia kurudi langoni. Ukutani mtu mmoja akapaza sauti, "Simba ametoka!" Halafu watu mia wakasema, halafu elfu. Watari nao wakaliona gurudumu linalowaka, na mfalme wao, aliyekuwa katika gari la mbele, akanyoosha mkono akalionyesha. Alilitaka.

Wakati huohuo magari kumi na moja yalikuwa yamevishwa magurudumu. Malkia akaamuru baragumu lipigwe, Harsi arudi ndani, lango lifungwe, Karesa itoke kwa pamoja ikiwa imejipanga. Baragumu likalia mara moja. Likalia mara mbili. Likalia mara tatu.

Harsi alisikia. Baadaye hakukana kwamba alisikia.

Aligeuza farasi, lakini hakugeukia mji. Aligeukia kushoto, akafuata ukingo wa mto kuelekea uwanda wa udongo mweusi. Mafuriko ya mwaka ule yalikuwa yamepungua wiki mbili tu. Juu udongo ulikuwa mkavu, umepasukapasuka. Chini ulikuwa uji. Gari jepesi likikimbia sana lingepita. Gari jepesi likipunguza mwendo lisingetoka.

Mfalme wa Watari akamfuata. Magari arobaini yakamfuata mfalme.

Harsi akapita. Hakupunguza mwendo, hakutazama nyuma, alisimama kama mtu aliye kwenye sherehe. Nyuma yake gari la kwanza la shaba likazama hadi kitovu cha gurudumu. La pili likaligonga la kwanza. La tatu likajaribu kukwepa, likazama pembeni. Magari arobaini yalikwama katika udongo ule, na farasi wao wakilia.

Lakini lango la mto lilikuwa wazi, likimsubiri Harsi kwa amri ya baragumu. Magari yaliyobaki ya Watari yakaenda langoni. Walinzi sita wakasimama kwenye mlango ambao sasa hapakuwa na wakati wa kuufunga, wakaushikilia hadi magari kumi na moja yakatoka. Walinzi wale wote sita walikufa hapohapo. Magari kumi na moja yakawapita, yakamaliza kazi. Adhuhuri haijafika, hapakuwa na gari la Watari lililosimama.

Karesa ikashinda, magari kumi na mawili dhidi ya sitini. Watu wakaimba siku tatu, na katika siku hizo tatu wakawazika walinzi sita kwa heshima zote.

Siku ya nne Malkia akaketi katika ua wa hekalu. Gari la dhahabu lilikuwa katikati, na gurudumu lake limerudishwa, likiwa na tope kwenye njiti na dhahabu imebanduka mahali penye upana wa kiganja kizima. Makuhani hawakujua kama walioshe au waliache. Simba alikuwa amesimamishwa tena, sikio moja. Mwandishi alikuwa ameketi chini na gombo limefunguliwa magotini. Na nchi nzima ilikuwa imesimama.

Kuhani Mkuu akasoma sheria tatu. Kisha akasema, "Mtunza Pakari aliacha magurudumu ardhini jioni mbili. Mwendeshaji Harsi alisikia baragumu mara tatu hakurudi. Fundi Temeya aligusa gari la Simba na kumwangusha Simba. Kila mmoja anastahili kutengwa na kazi yake."

"Nimesikia," Malkia akasema. "Sasa nisikie upande wa pili. Gombo lina nafasi ya jina moja. Aliyeandikwa ataamka kesho na kazi yake. Wawili wengine sheria itawachukua, na mimi sitaizuia. Mwendeshaji, anza."

Harsi akapiga hatua mbele. Alikuwa amevaa nguo yake bora.

"Malkia wangu, sitasema mengi."

"Hiyo itakuwa mara ya kwanza," sauti ikatoka kwenye umati, na watu wakacheka. Harsi naye akacheka.

"Nilitoka peke yangu. Mbele yangu walikuwa sitini. Nilishikilia kivuko hadi jua likatoka. Nilisikia baragumu, naam. Ningerudi, lango lingefungwa, na leo tungekuwa ndani tunakula ngozi za viatu vyetu, na wao nje wanatusubiri tufe. Niliona tope. Ninyi mlikuwa juu ya ukuta, mliona vumbi. Mimi niliona tope. Magari arobaini yalikufa pale, na hakuna mkono mwingine uliokuwa kwenye hatamu."

"Na walinzi sita?" Malkia akauliza.

"Nawajua kwa majina, wote sita. Nimekwenda nyumba zote sita. Sitasema halikuwa kosa langu. Nasema kwamba kama ningerudi, tungehesabu zaidi ya sita." Akainua kichwa. "Nitajeni au msinitaje. Lakini mkinitaja, tajeni vizuri. Harsi, si Harisi."

Watu wakampigia vigelegele. Malkia akainua mkono.

"Mtunza."

Pakari akaja polepole. Hakuwa na nguo bora.

"Kijana amesema alikuwa peke yake," akaanza. "Mimi niliona farasi wawili wakimvuta. Labda macho yangu yamezeeka."

Watu wakacheka tena, na Harsi akasema, "Mzee wangu, nisamehe, walikuwepo."

"Walikuwepo. Na walikuwa na kitu cha kuvuta, kwa sababu mimi niliacha magurudumu mahali pake. Asubuhi ile, magari kumi na moja yalitii sheria. Yalikuwa wapi? Yamelala. Moja halikutii. Mwendeshaji asingekuwa na gari, angeshikilia kivuko kwa maneno yake, na hata maneno yake yana mwisho. Fundi angekuwa na gurudumu la dhahabu na pa kulivalisha hana. Mimi nilikuwa wa kwanza. Wengine wote walijenga juu yangu."

"Lakini gurudumu lilivunjika kwa sababu yako," Kuhani akasema.

"Lilivunjika. Lilivunjika likiwa limekwisha kufanya kazi ya nusu asubuhi. Yale yaliyokuwa ukutani yalikuwa mazima kabisa, Mkuu. Hayakuwa na hata mkwaruzo."

"Una miaka sitini na miwili," Malkia akasema. "Wapo wanaosema jina apewe mtu ambaye bado ana miaka mingi ya kazi."

"Waliosema hivyo wana miaka mingapi?" Pakari akauliza. "Nimelala zizini tangu nina miaka kumi. Sijui kulala mahali pengine. Gombo haliulizi umri, na mimi siombi huruma. Nadai haki yangu."

Akarudi nyuma. Hakusema neno lolote kuhusu jioni ya pili. Hakusema kwamba Fundi alikuja zizini, kwamba alipapasa gurudumu, kwamba alijua. Temeya alisubiri alitaje jambo hilo, na Pakari akafika mahali pake akasimama kimya, akitazama mbele.

"Fundi," Malkia akasema.

Temeya akaenda katikati ya ua. Gurudumu la dhahabu lilikuwa kando yake, na mikono yake ilitaka kulisafisha lile tope kwenye njiti. Akaifunga mikono nyuma.

Alikuwa amepanga maneno yake usiku kucha. Yalikuwa maneno mazuri. Jioni ya pili haikuwamo. Sasa alikuwa na ukimya wa Pakari, ambao hakuuomba, na angeweza kuupokea na kuondoka nao.

"Naanza na jambo ambalo Mtunza amelificha kwa ajili yangu," akasema. "Nilijua. Jioni ya pili nilipapasa gurudumu nikahisi limeanza kulala. Ningeweza kulitoa. Ningeweza kuja kwako, Malkia wangu. Mzee aliniuliza kama litakaa, nikajibu kwa kiburi. Kwa hiyo kosa lake ni langu pia, na langu ni mawili."

Umati ukanong'ona. Pakari akatikisa kichwa, kama mtu anayetazama chombo kizuri kikianguka.

"Hayo nimesema ili ninayoyasema sasa yasimame wima," Temeya akaendelea. "Gari lilianguka. Bendera ilikuwa mkononi mwa mtu aliyesimama kwa miguu. Hatua mia mbele ya lango, Karesa ilikuwa imeshindwa. Watu elfu waliona, na mtu mmoja alitembea. Mwendeshaji alikuwa na farasi na upinde. Mtunza alikuwa zizini. Mimi nilikuwa na gurudumu, na nguo iliyochanika."

"Gurudumu la Simba!" Kuhani akasema. "Ulimwangusha mungu wetu kifudifudi. Tazama sikio lake."

"Nimelitazama, Mkuu. Miaka mingapi tumemwimbia kwamba anatoka mbele ya majeshi yetu? Kila mwaka tunaimba, kisha tunamrudisha ndani na kufunga mlango. Siku ile alitoka. Watu walipaza sauti kwamba ametoka, na hakuna kuhani aliyewafundisha kusema hivyo. Kama sikio lake limevunjika, basi limevunjika siku ya vita, kama masikio ya askari."

"Nani alikuambia kwamba alitaka kwenda?"

"Nani alikuambia kwamba hakutaka?"

Watu hawakucheka safari hii.

Malkia akauliza, "Fundi, ukitengwa, nani atatengeneza magurudumu?"

"Ninao vijana wanne. Kamba ya mafundo saba ipo. Magurudumu yatakuwapo, Malkia wangu, na yatakuwa mazuri. Hayatakuwa yangu. Nimesema."

Harsi akainua mkono bila kuitwa. "Malkia wangu, na tuandikwe wote watatu. Mstari ni mrefu."

"Mwandishi, mwonyeshe."

Mwandishi akainua gombo. Mstari ulikuwa umeandikwa tayari kwa wino mweusi, kwa maneno ya zamani: *Na katika mwaka huo Simba alimpenda mmoja, naye ni* — kisha nafasi, upana wa vidole vitatu. Juu yake kulikuwa na mistari kumi na saba ya vita vya zamani, na katika kila mmoja jina moja.

Malkia akawageukia watu. "Mlikuwa ukutani. Semeni."

Wakasema. Upande wa zizi walisema "Pakari!" Upande wa askari walisema "Harsi!" Wanawake wa sokoni na mafundi wa mji mzima walisema "Temeya!" Mke wa mmoja wa walinzi sita alisimama kati yao, na Malkia akamtazama muda mrefu, na yeye hakutaja mtu.

Farasi weupe wakafungwa kwenye gari la dhahabu. Nafasi kando ya Simba ilikuwa tupu. Watatu wale walisimama bega kwa bega, wala hakuna aliyeinamisha kichwa. Mzee aliyevunja sheria ili gari liwe tayari. Mwendeshaji aliyevunja sheria ili adui azame. Fundi aliyevunja sheria ili bendera isianguke, na akasema ukweli ambao hakuna aliyemuuliza. Ungemwondoa mmoja wao, Karesa isingekuwapo.

Mwandishi akachovya kalamu, akaishikilia juu ya nafasi ile, akamtazama Malkia.

Haya, ninyi mnaosikiliza, Malkia amewageukia. Jina ni moja tu, na wawili watakwenda nyumbani bila kazi na bila la kuitwa. Msiseme wote watatu. Harsi alishasema hivyo akanyimwa. Wino unakauka kwenye ncha ya kalamu.

Je, nani alistahili?